Unga Mweupe Juu ya Mtama

Igurwa, siku moja kabla ya safari yako

Kaka, shikamoo. Mkono huu ni wa Kemilembe, mdogo wako, lakini maneno ni ya Mama. Amekaa mkekani mbele yangu anachambua maharage, anaongea Kinyambo, nami nayaweka kwa Kiswahili kwa sababu Kinyambo sikufundishwa kukiandika. Shule ya msingi walinipa Kiswahili, nilipofika sekondari wakanigeuzia Kiingereza, na lugha ya nyumbani ikabaki ya mdomoni tu. Ukikuta neno limekaa vibaya, kosa ni langu, si la Mama. Tumeelewana hivi: panaposemwa "mimi" ni yeye. Nikiingia mwenyewe nitaanza na "Kaka", maana Mama hakuiti kaka.

Barua itakaa chini kabisa ya sanduku lako, chini ya shuka. Mama anataka uisome ndani ya basi, ukishapita Nyaishozi, mahali ambapo huwezi tena kushuka ukarudi kumuuliza.

Mwanangu Projestus,

Umeenda Kanoni kumuaga bibi yako, utalala huko, na kesho asubuhi utakuja tukuage hapa nyumbani pamoja na ukoo. Pombe ya kukuaga iko nyuma ya nyumba, imefunikwa majani ya migomba, tangu jana inachacha. Habari za sweta na za kula vizuri sitakupa. Una miaka ishirini na minne na umeishi Dar es Salaam bila mimi kukukumbusha kunawa. Ninachokuambia ni jambo ambalo baba yako alikufa nalo, na mimi nilikuwa nimepanga kufa nalo.

Kaka, hapo amerudi kwenye maharage yake. Nikamuuliza, "Mama, niendelee?" Akasema, "Uendelee na nini, wakati sijasema kitu?" Halafu akacheka kidogo, kicheko cha kukohoa, akaniambia niyasome aliyoyasema. Nikasoma. Akasema, "Haya. Imeshaandikwa. Sasa siwezi kurudi nyuma."

Jumapili ulitukalisha hapa uani ukatueleza unachokwenda kusoma. Alikuwepo Ta Bernado, mtoto wa marehemu baba yako mkubwa Petro, na kama kawaida yake alikuja na kibuyu chake mwenyewe mkononi kama vile kwangu hakuna vikombe. Akakuuliza, "Yaani wazungu watakulisha miaka mitatu ukaangalie kutu?" Ukamjibu bila kukasirika kwamba ndiyo, ni ndugu wa kutu, ni mawe yenye chuma na oksijeni ndani yake, yale yanayovutwa na sumaku.

Mimi sikusoma, lakini siku ile nilikuelewa kuliko unavyodhani. Ulisema kila chembe ya chuma ndani ya jiwe imekaa katikati ya majirani sita. Elektroni zake hazizunguki ovyo kama nzi juu ya ndizi. Kila moja ina njia yenye umbo lake, na umbo hilo linaelekea kwa jirani fulani, halielekei kwa mwingine. Moja ikishaelekea upande, ya pembeni yake inalazimika kupanga upande wake kwa kuifuata ile ya kwanza, na ya tatu kwa kuifuata ya pili, mpaka jiwe zima linakuwa limekaa namna moja.

"Sasa vitu vidogo hivyo utavionaje?" nikakuuliza.

"Sivioni, Mama. Naingiza mwanga kwenye jiwe, halafu naangalia ni rangi gani haikurudi. Rangi iliyobaki ndani ndiyo inaniambia elektroni ilikuwa imekaa wapi, na imerukia wapi."

Ta Bernado akapiga paja. "Kumbe ni upelelezi! Unasimama mlangoni unahesabu nani hakutoka!"

"Hasa, Ta Bernado. Ni hivyo hivyo."

Watu wote wakacheka. Mimi nikaingia jikoni nikajifanya naangalia moto. Huyo mtu asiyetoka, mimi namjua jina.

Unakumbuka ule mchanga mweusi ulioanza nao. Ulikuwa na miaka saba. Ulikuwa mwaka ule wa vita, magari ya jeshi yakipita usiku na mchana, na baba yako alikuwa anachimba bati Kyerwa. Mchanga wa bati ni mweusi, lakini ndani yake kuna mweusi mwingine usio bati, na mnunuzi akiuona anakushushia bei. Kwa hiyo baba yako alibeba mfuko nyumbani, anausafisha hapa. Alitoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, akaifunga kitambaa, anaipitisha juu ya mchanga polepole. Ule wa chuma unasimama kama manyoya ya paka na kuruka kwenye kitambaa. Wa bati unabaki chini. Ulikuwa unakaa naye hapo mpaka magoti yanachora udongo. Siku moja ulimuuliza, "Baba, huu ni mweusi na huu ni mweusi, kwa nini mmoja unakubali na mwingine unakataa?" Alikuambia, "Ukikua utaniambia wewe." Ndilo hilo swali unalolipeleka ng'ambo. Mimi najivunia. Mwandikie hivyo, Kemi, kwamba najivunia, asije akadhani barua nzima ni msiba.

Kulikuwa na aina ya tatu. Jiwe la kijivu, linang'aa kama kisu kipya, zito kama bati. Ukiligonga kwa nyundo linanuka kitunguu saumu. Hilo sumaku haikulitaka, na likibaki kwenye mfuko linaharibu bati lote. Baba yako, kwa akili zake, akagundua kwamba ukilisaga na kulikaanga kwenye chungu kipana juu ya moto mkali linabadilika. Linakuwa jeusi, na sumaku inalikubali. Wachimbaji wenzake walikuwa hawajui. Ndiyo maana hakulikaanga kule machimboni wala uani. Alikaanga jikoni kwangu, mlango umefungwa, ili mtu asione.

Juu ya mafiga, kwenye uchaga, nilikuwa nimeweka ungo wa mtama wa pombe ukauke kwa moshi, kama mama yangu alivyoweka na kama ninavyoweka mpaka leo.

Asubuhi nikaushusha ungo. Mtama ulikuwa umepata weupe juu, unga laini. Nikasema ni majivu. Nikapuliza. Pembeni ya ungo nikafuta kwa kanga. Nikausaga, nikautia kwenye maji ya ndizi yachache.

Pombe ile ilikuwa ya kumuaga mdogo wa baba yako aliyekuwa anakwenda vitani. Ndizi alizikanyaga Sebastiani. Humkumbuki vizuri, lakini mabegani mwake ulikaa sana. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alikuwa kibarua wetu, alikuwa na mke na binti mdogo, na kibanda chake kilikuwa pale chini ambapo leo pana mibuni isiyozaa. Hakuna aliyekanyaga ndizi kama yeye. Alikuwa anaimba nyimbo za kanisani huku miguu inafanya kazi, anasema ndizi zisizoimbiwa zinatoa maji machungu.

Unajua kwetu aliyetengeneza pombe ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya watu, ndipo wageni wanywe. Nikajaza kibuyu, nikanywa funda. Nilikuwa na mimba ya huyu Kemi, ya miezi mitatu, tumbo lilikuwa halitaki hata maji. Nikaishikilia ile pombe mdomoni, nikatabasamu, nikapita nyuma ya mlango nikaitema.

Watu wakanywa. Baba yako mkubwa Petro hakuwa mtu wa kuacha pombe mtunguni. Alikaa mpaka mwisho, akanywa ile nzito ya chini. Kabla jua halijazama alikuwa ameshika tumbo, anatapika, anaita maji. Asubuhi yake akafa. Wengine wawili waliugua wiki nyingi lakini wakapona.

Wazee wakakaa. Wakauliza, "Pombe ilipita mikononi mwa nani?" Nikaanza kuhesabu moyoni. Kama nikisema niliona unga mweupe, wataniuliza kwa nini sikusema mapema. Kama kuna aliyeniona natema, nimekwisha. Nikasema sentensi moja, Projestus. Nikasema, "Aliyekanyaga ndizi ni Sebastiani."

Sikusema uongo. Alizikanyaga yeye. Miaka yote hii nimekuwa nikijificha nyuma ya hilo.

Ulivyokuwa unaeleza Jumapili, moja ikielekea upande na ya pili ikafuata, niliona ule uwanja. Mtu wa kwanza aligeuza shingo kuangalia kule chini kwenye kibanda. Wa pembeni yake akageuza. Halafu wote. Hakuna aliyesema tena neno "labda".

Bernado alikuwa kijana wa miaka ishirini, baba yake ndani hajazikwa. Yeye ndiye aliyechukua kijinga cha moto akachoma kibanda. Sebastiani alitoka na mkewe na mtoto na jembe moja. Alipita mbele yangu, karibu kama ulipo mkeka huu. Hakulia wala hakuapa. Aliniambia, "Mama Projestus, sema." Basi. "Sema." Alijua kwamba mimi ndiye niliyetengeneza kila kitu isipokuwa kukanyaga, na alidhani sijasema kwa sababu sijaulizwa vizuri.

Sikusema.

Miezi miwili baadaye baba yako akarudi kutoka Kyerwa, uso umemshuka. Msimamizi wa pale wanaponunua bati alimkuta mtu anakaanga jiwe la kijivu akampiga kofi mbele ya watu. Akawaambia ule moshi wa kitunguu saumu ukipoa unakuwa unga mweupe, na ule unga ni sumu ya kuua ng'ombe. Baba yako akaniuliza, "Siku ile ungo ulikuwa wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Tulikaa mpaka moto ukazimika. Mwisho akasema, "Tukisema sasa watatuchoma sisi." Nikakubali haraka kuliko yeye alivyotaka. Nadhani alikuwa anangoja nikatae.

Aliishi miaka saba mingine. Viganja vyake vikawa vigumu vyenye vipele kama maganda ya fenesi, ngozi ya kifuani ikapata madoa. Watu wakasema amerogwa, wengine wakasema ni mkono wa Sebastiani kutoka mbali. Unaona? Hata kufa kwa baba yako nilimwachia yule mtu abebe.

Na kuna siku moja sokoni Nyaishozi. Wewe ulikuwa sekondari. Nilimwona. Amezeeka, amebeba mzigo wa maharage ya mtu kichwani, anatembea na ule mguu wake wa kuimba. Nilikuwa na nafasi ya kuvuka barabara. Nikachuchumaa nyuma ya magunia, nikajifanya nachagua mbegu mpaka akapita. Mwenye magunia akaniuliza, "Mama, umepoteza hela?" Nikasema ndiyo.

Haya ndiyo nimekuwa nikiyala na kuyalala. Nakuambia wewe kwa sababu ulipoomba mawe ya baba yako, yale ya kijivu yaliyobaki darini, nilikunyima nikasema yametupwa. Hayakutupwa. Nilikuwa naogopa usije ukayaweka kwenye mwanga wako yakasema.

Kaka, hapo kalamu yangu ilisimama. Sasa ni mimi, na haya nayaandika baadaye.

Mawe mimi niliyajua yalipo. Katika barua yako ya Pasaka uliniandikia kwamba ungekuwa na uwezo ungemulika jiwe la Baba kabla ya kukaangwa na baada ya kukaangwa, uone elektroni zimehamia wapi, kwamba chuma ni kile kile ila majirani wamebadilika. Hukuniomba. Mimi ndiye niliyejituma. Shuleni wananiita Bubu kwa sababu mwalimu akiniuliza namba moja natetemeka mpaka daftari linaanguka. Zawadi ya kukupa sina, hotuba ya kukuaga sitaweza kuisema mbele ya ukoo. Nikafikiri, nitampa hiki.

Alhamisi ya wiki iliyopita Mama alipokwenda kwaya nilipanda darini. Nikakuta chungu cha Baba, mawe, na sumaku ndani ya kitambaa chake. Nikasaga, nikakaanga, mlango nimefunga ili iwe siri. Nilichukua na lile boksi la viatu ulilonitengenezea, lenye ufa wa wembe mbele na kipande cha sahani ya muziki ndani, kinachotawanya mwanga kuwa rangi. Ulinionyesha ukinyunyizia chumvi motoni unaona mstari wa njano, na ukipaka udongo mwekundu wa shambani kwenye kioo unaona rangi ya buluu imeliwa. Nikaangalia moto wa jiwe la Baba kupitia ufa ule. Ndimi zilikuwa na weupe wa kubuluu, zimepauka kama macho ya mzee. Sikuona mstari wowote. Nikasema moyoni kumbe hapa hakuna kitu.

Harufu ya kitunguu saumu ilijaa. Nilikuwa nafurahi, Kaka. Sumaku ilipouinua ule mchanga nilicheka peke yangu. Nikautia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikalifunga, nikaliviringisha kwenye soksi zako. Liko sandukuni. Siku ya pili nilitapika, Mama akasema malaria. Siku ya tatu wakafa kuku wawili waliokuwa wanaokota mtama sakafuni jikoni. Mama akasema mdondo.

Nilimwambia, "Mama."

"Andika kwanza, nisije nikasahau."

"Mama, mimi nimeyakaanga."

Akainua uso. Maharage yakabaki mkononi. "Umekaanga nini?"

"Mawe ya Baba."

"Wapi?"

"Jikoni."

"Lini?"

"Alhamisi. Ulipokuwa kwaya."

Hakuniuliza ungo ulikuwa wapi. Yeye mwenyewe aliuweka Jumatano na kuushusha Ijumaa. Mimi ndiye niliyeusaga; niliona vumbi jeupe, nikapuliza. Yaani nilipuliza, Kaka, vile vile kama yeye.

Kabla hajasimama tukasikia kwenye njia, "Hodi humu! Nimekuja kuisalimia pombe kabla wageni hawajaizoea vibaya!" Ta Bernado. Unajua hapiti mlango wa mbele. Alizunguka moja kwa moja nyuma ya nyumba, na tukasikia majani ya migomba yanafunuliwa.

Sijawahi kumwona Mama akikimbia. Alikimbia. Tulimkuta amejaza kibuyu chake, povu linamshuka kwenye vidole.

"Bernado, weka chini."

"Ma Justa, uchoyo umekuanza uzeeni?"

"Weka chini. Imeharibika."

Akainusa, akafumba macho. "Hii? Hii imeharibika kama mimi nilivyo padri."

"Nakwambia imeharibika!"

"Basi ngoja nihakikishe. Tone moja tu, nikifa mtanizika karibu na mzee."

Akakipeleka mdomoni. Ikawa kama darasani. Nilitaka kusema hata neno moja na halikutoka. Nikampiga mkono. Kibuyu kikaruka kikagonga ukuta, pombe ikammwagikia shati zima.

"Mtoto huyu ana wazimu?" Alikuwa amekasirika kweli, si mzaha. "Justa, binti yako ana wazimu?"

Nilimwangalia Mama. Bado alikuwa na njia, Kaka. Angeweza kusema ndiyo, ana homa, ana malaria. Angeweza kunisukumia mimi. Niliona midomo yake inatafuta. Halafu akakaa chini, pale pale kwenye matope ya pombe, akasema yote. Alisema kwa mpangilio ule ule aliokuwa ananisimulia, jiwe, ungo, unga, funda alilotema, sentensi moja. Nadhani kama tusingekuwa tumeiandika kwanza asingeweza.

Ta Bernado hakumkatiza. Alipomaliza aliuliza, "Sebastiani?"

"Hakutia kitu."

"Ulijua lini?"

"Miezi miwili baada ya msiba."

"Na mimi nimekula kwako miaka yote hii." Alikuwa anaangalia mikono yake, anaigeuza. "Moto niliwasha mimi. Binti yake alikuwa anatafuta kiatu, nikamwambia toka hivyo hivyo."

Mama akasema, "Najua. Nilikuwepo."

"Kesho ukoo wote uko hapa."

"Nitawaambia."

"Utawaambia au wataambiwa. Nikiwaambia mimi, Justa, sitaanza na mtama. Nitaanza na ile pombe uliyotema."

Akaondoka. Kibuyu chake amekiacha. Hakupita njia ya kwake. Ameelekea kwa wazee.

Tumechimba shimo mbali na mbuzi na kisima, tumeimwaga pombe yote, tumeufukia na unga wa mtama uliobaki. Mtumbwi wa gogo tuliokanyagia ndizi tumeupindua shimoni, Mama amesema asiutumie mtu tena. Nilimwambia bado tunaweza kusema ilichacha vibaya, na Ta Bernado ni mlevi, nani atamwamini. Ndiyo, Kaka, niliyasema mimi hayo. Yalinitoka bila hata kutetemeka. Mama akasema, "Sauti yako imepatikana leo, na hivyo ndivyo unavyoianza?" Nimeona aibu mpaka sasa.

Amekaa tena mkekani. Anasema nishike kalamu.

Mwanangu, kopo la mchanga nenda nalo. Nilitaka kulitupa, nimeghairi. Usilifungue njiani wala chumbani unakolala. Lifungue huko kwenye maabara, na uwaambie wenzako lilitoka wapi na limefanya nini, kabla ya kuwaambia kitu kingine chochote. Lipige mwanga. Ile rangi itakayokataa kurudi, iangalie vizuri. Baba yako alikuambia ukikua utamjibu. Mjibu.

Mdogo wako usimlaumu. Alifanya siri kwa sababu nyumba hii imemfundisha kufunga mlango.

Mimi nikitoka salama katika siku ya kesho, nitakwenda Nyaishozi siku ya soko, na soko linalofuata, na linalofuata, mpaka nimwone. Sijui nitamwambia nini. Nitaanza kwa kuvuka barabara.

Kaka, jua limebaki kidogo juu ya migomba. Mama ametoa benchi akaliweka mbele ya nyumba, na kile kibuyu cha Ta Bernado amekiosha akakiweka juu yake, kitupu. Mlango hataki nifunge. Barabarani wamesimama watu wawili wanaangalia huku, hawaingii na hawasalimii. Nilipoanza mstari huu walikuwa wawili. Sasa ni watano, na mmoja anageuza shingo kumwangalia wa pembeni yake.

Mama ameniambia nipite kwenye mibuni nije Kanoni nilale huko na wewe na Bibi. Nimemwambia siendi. Ni mara ya kwanza kumkatalia.

Ukifika hapa ukiwa ndani ya basi, basi kilichotokea asubuhi wewe unakijua. Mimi bado sikijui. Nimemuuliza nimalizie vipi, akasema usiandike jina langu mwishoni, kesho nitalisema mwenyewe mbele yao. Andika tu hivi, kisha uiweke sandukuni:

Sebastiani hakutia kitu. Aliyesema ni mimi.